Fomu Niliyosaini Bila Kusoma

Baba Neema, mume wangu,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo, maana ulinizoesha kuanza barua kwa salamu na habari za mvua, na leo sitaki. Hii ni wiki ya saba tangu tukuzike hapa Kolwezi, na kila anayekuja kunipa pole anasema ulikuwa mtu mwema. Naitikia kwa kichwa. Moyoni nasema, alikuwa mwongo.

Unakumbuka tulivyokuja? Mabasi matatu kutoka Mbeya, Zambia yote magoti yangu yamevimba, na wewe unamweleza kila abiria kwamba walimu wastaafu wawili wanakwenda misheni, utadhani tumeshinda uchaguzi. Neema alikuwa ametuambia wazee wenzetu wanafuga kuku. Ukamjibu kuku watasubiri. Nilicheka mpaka nikasahau kwamba hukuwahi kuniuliza kama nataka kuja.

Lakini nilitaka. Baada ya mwezi mmoja nilitaka kuliko wewe. Wewe ulihubiri, mimi niliwafundisha kusoma akina mama wa machimbo ya Mutoshi, waliokuja darasani mikono bado ina tope la mawe waliyoyaosha. Walinicheka, wakasema Kiswahili changu ni cha redioni. Umeme ukikatika ulipenda kusema bwawa la umeme la Nzilo liko hapo tu, ni mwanga ndio unaokuja kwa miguu. Ulisema hivyo kila mara, nami kila mara nilikuambia tumeshasikia.

Sasa hiyo fomu. Misheni yetu ina utaratibu wake kwa wazee: kila mwaka mume anaandika hali ya afya yake na mke anasaini kuthibitisha, kisha mke anaandika yake na mume anasaini. Wanasema hakuna anayemjua mtu kuliko aliyeishi naye miaka arobaini. Mwaka jana uliniletea yako nikiwa nasonga ugali. Ulikuwa umeikunja, imebaki sehemu ya saini tu. Nikauliza umeandika nini.

"Nimeandika mimi bado kijana," ukasema. "Saini, mama, ugali usiungue."

Nikafuta mkono kwenye kanga, nikasaini. Unga ulibaki kwenye karatasi, ukaupuliza huku unacheka. Ulikuwa umeandika huna ugonjwa wowote. Ofisi ya misheni ikatuongezea mwaka.

Halafu siku moja ukarudi kutoka Mutoshi, shati lina vumbi jekundu hadi kolani, ukaniambia umeteleza. Nikalifua. Nilipiga sabuni mara mbili na bado halikutakata.

Aliyeniambia ukweli ni Mama Kapinga, kiongozi wa akina mama wa darasa langu, ukiwa umeshazikwa. Alikaa nami mkekani, akanishika mkono.

"Mama, shiye wote tulijuaka. Tata alianguka mara mbili. Alisema hapana kukuambia, mutarudishwa kwenu."

Niliuvuta mkono wangu. Yeye nimeshamwomba radhi. Wanafunzi wangu walijua. Daktari aliyekupa dawa za presha, hiyo presha iliyokuua, alijua. Dawa zenyewe nilizikuta kwenye boksi la chaki, chini ya chaki za rangi, ambazo ulijua sizigusi kwa sababu zinanipigisha chafya. Ulifikiria mpaka hapo. Na mimi niliyeweka saini ndiye pekee nisiyejua kitu.

Ungeniuliza, Baba Neema. Pengine ningesema tubaki, tumeze dawa pamoja kila asubuhi, tufanye kazi nusu siku. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilikuwa upande wako, na wewe ukanificha kama vile mimi ni ofisi.

Juzi wameniletea fomu yangu. Mjane anaruhusiwa kumalizia muda kama ni mzima. Kama si mzima, Neema atakuja kunichukua, darasa litafungwa, na wewe utabaki huku peke yako, karibu na barabara ya malori ya madini. Mama Kapinga aliisoma ile karatasi.

"Andika tu uko muzima, mama. Nani atajua?"

Nilishika kalamu, na nakiri nilitamani. Kisha nikaandika presha, ninayo. Magoti, mabovu. Usingizi, sina. Nimeandika kila kitu, na sijui watanijibu nini. Wakinirudisha, nitakuja kaburini kukuambia kwamba ni makosa yako, kisha nitalia, kwa sababu sijui kukuacha.

Pumzika, baba. Jumapili nitakuja na hasira zangu, uzisikilize bila kunichekesha.

Mahali pa saini ya mwenzi walisema mchungaji anaweza kusaini. Sijampelekea. Fomu iko mezani mbele ya kiti chako, sikuikunja, na pale pako ni peupe.

Mkeo,
Mama Neema