Mume Hali Samaki, Mavyaa Ataka Nguru Ndani ya Makaroni

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kwanza natangaza kwa majonzi kwamba wali wa nazi hatunao tena nyumbani kwetu siku za kazi; habari ziwafikie jamaa wote wa Munje, Mwabungo na Vanga. Badala yake tunakula makaroni, yale manene yenye tundu kama kipande cha bomba, niliyojifunza kwa mzungu ninayempikia Diani, unayajaza mchicha na maziwa lala yaliyochujwa kwa kitambaa, unayalaza ndani ya rojo la nyanya, na kwa kuwa sina jiko la kuokea napalia makaa juu ya mfuniko kama mkate wa sinia, basi majirani wananiita Mama Hoteli, nami huwaambia karibuni, na hawaji.

Sababu ni mume wangu Sefu, mkwezi wa minazi. Mwaka jana mwanetu Abubakar alizama baharini, na alipopatikana ni babake aliyemwosha kabla ya maziko, akaona samaki walivyomla vidole, na tangu siku hiyo samaki haingii kwetu, kisha akakataa kuku na nyama pia, akisema hali chenye macho, na hata wali akawa anaugusa tu, hadi nilipomletea makaroni haya, ndiyo anayoyamaliza, ila kila jioni kabla ya tonge la kwanza huniuliza, "Humu mna nini, Twaiba?" nami humjibu, "Mchicha na maziwa," ndipo apige bismillahi.

Sasa amekonda, suruali anaifunga kwa kamba, majuzi aliteleza akiwa katikati ya mnazi, na mavyaa wangu, Bi Mwanaima, ameniambia, "Mwanangu halishwi majani kama mbuzi wa kafara! Mponde nguru, mchanganye na huo mchicha, hatajua. Ama wataka nimzike na yeye?" Ijumaa atamleta huyo nguru mwenyewe. Nikikataa nitaambiwa nimemuua mume, na nikikubali, akiniuliza nimjibu nini?

Twaiba, Munje

*

Twaiba, pole. Mwenyezi Mungu amrehemu Abubakar. Sasa nisikilize, maana pole haishibishi.

Jibu unalijua. Unachotaka ni kumwambia mavyaa wako, "Mshauri amekataa." Haya, nimekataa. Mumeo amebakiwa na chakula kimoja anachokiamini, na anakiamini kwa sababu wewe humjibu kweli. Siku atakayokuta mwiba humo hatamkataa samaki peke yake, ataukataa na mkono wako.

Lakini nawe una kosa. Mchicha na maziwa, kwa mkwezi? Bi Mwanaima ana ukali wa mdomo, ila macho anayo. Tia pojo zilizochemshwa zikapondeka, na karanga za kusaga. Yai halina macho, lakini muulize mwenyewe kwanza. Asubuhi kabla hujaenda kazini chemsha pojo, chambua mchicha, jioni ubakiwe na kujaza tu. Makaroni usiyachemshe kwanza, yatararuka. Rojo liwe jepesi liyafunike, makaa mengi juu, machache chini. Mavyaa mpe kitambaa achuje maziwa. Mwenye kazi jikoni hupunguza maneno.

Sefu asikwee kwa sasa, hata akikununia. Mpeleke zahanati apimwe, na umweleze daktari alichokiona siku ile ya kuosha maiti. Usione haya. Ugonjwa wake haukuanzia tumboni.

Na hata ungetaka kumdanganya, Twaiba, nguru ananuka.