Kompyuta ya Kurekodia Tarumbeta la Baba

Jumatatu, 4 Machi

Daktari wa meno kakata shauri: meno yote ya mbele ya Baba yang'olewe, juu na chini, Jumatatu ijayo. Alipobonyeza ufizi, usaha ukachuruzika mpaka kwenye mdomo wa chini. Nikageukia ukutani. Harufu ile! Baba mwenyewe wala hakushtuka. Aliuliza kitu kimoja tu — baada ya hapo ataweza kupuliza?

Daktari akaanza kuvua glavu polepole. Akasema meno ya bandia siku hizi mazuri, mzee atatafuna mpaka nyama.

"Sijauliza kutafuna," Baba akasema.

Maisha yake yote kawapulizia watu tarumbeta, harusi kwa misiba, na hatuna kanda hata moja. Hata moja! Bendi yao ilirekodi mara moja tu, na siku hiyo alikuwa kitandani ana homa.

Basi. Nanunua kompyuta, nitamrekodi hapahapa nyumbani, kwenye chumba changu cha kushonea. Mapazia ya wateja yananing'inia kila ukuta, mwangwi hakuna.

Jumanne, 5 Machi

Maduka yamenichefua. Muuzaji wa kwanza alikuwa anachokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu. Nikamwambia nataka ya kurekodi muziki. Akauliza ni ya mume au ya mtoto. Kisha kifuniko kilekile juu ya kibodi — "Hii inakimbia, dada!" Inakimbia kwenda wapi? Nilimuuliza ina kelele kiasi gani. Akanitajia memori. Nikarudia swali. Akanitajia memori tena, kwa sauti ya juu zaidi, kama vile mimi ni kiziwi.

Jioni kaka yangu kaja. Injinia. Jina kajipa mwenyewe, umeme alisoma muhula mmoja. Eti nisihangaike, rafiki yake anauza moja kubwa ya kuchezea magemu, inameza kila kitu. Nimekubali. Siku zinakwenda, na miguu inaniuma.

Jumatano, 6 Machi

Imekuja. Lidude! Taa nyekundu, kijani, zambarau — chumba kimegeuka baa. Na feni lake linaunguruma kama pampu ya kisima.

Tukajaribu hivyo hivyo. Baba akapuliza kidogo, tukasikiliza. Uso ukamnawiri. "Ndiyo mimi huyo!" Kaka akapiga makofi. Mimi nilisikia pampu tu, na kwa mbali huko mtu anapuliza kitu.

Halafu lilipopata joto, mende. Mmoja akachungulia kwenye tundu la hewa, akapapasa na sharubu zake. Nikadhani ni bahati mbaya. Wakafuata wengine — wakubwa, wadogo, ukoo mzima! Wakapanda pazia jeupe la lesi la bibi harusi. Nilipiga ukelele ambao majirani watanidai maelezo yake. Mwili unanisisimka mpaka sasa. Nimeoga, nimeoga tena, bado nahisi kitu kinatembea shingoni.

Ijumaa, 8 Machi

Tumelirudisha. Yule rafiki kanitazama juu mpaka chini, akasema mende wametoka nyumbani kwangu. Kwangu! Nikamgeukia kaka yangu, tumbo moja. Akajikuna kidevu: "Labda."

Labda! Nilishindwa kumtazama njia nzima. Hata mende sijamwonea kinyaa kile.

Nikaingia madukani peke yangu. Sikuuliza mtu kitu. Nikawa nawasha, nainama, naweka sikio juu ya kila laptopu. Wakanicheka weee. Nyuma ya soko, kwa mama mmoja anayeuza za mitumba, nikapata nyembamba, kifuniko kimechubuka. Nikaweka sikio. Kimya. Mama akasema haina feni kabisa, ndiyo maana watu wanaikataa, wanadhani imekufa. Akanionya kuwa ni nzito kufungua mambo. Nikamwambia Baba naye mzito kuamka. Nikaichukua.

Jumamosi, 9 Machi

Sijui niandikeje.

Nilifunga dirisha, nikaweka maiki. Baba akapuliza ule wimbo wa kumsindikiza bibi harusi, wote, mpaka mwisho. Akafungua kile kitundu cha tarumbeta cha kumwagia mate, sakafuni pakawa na rangi ya waridi, mate na damu. Nikapangusa, nimebana pumzi.

Tukasikiliza. Hakuna pampu safari hii. Kila kitu kiko wazi — upepo unavuja kati ya meno, mate yanachemka ndani ya bomba, ile sauti ya juu inapasuka na kukwama.

"Nani huyu?" Baba akauliza.

"Wewe, Baba."

Akakunja uso kama mtu aliyekanyaga uchafu pekupeku. "Futa."

Na Injinia, mlangoni, mdomo umejaa mkate: "Si nilisema? Ile yangu ilimpendeza." Nusura nitapike. Maana ni kweli. Ilimpendeza.

Jumapili, 10 Machi

Haongei na mimi. Supu kaimeza kwa upande mmoja wa mdomo.

Sijafuta. Nimesikiliza tena peke yangu. Inatia kinyaa, siongopi. Lakini ni yeye. Yule wa Jumatano angeweza kuwa mtu yeyote.

Jumatatu, 11 Machi

Asubuhi kaniita, kavaa shati la bendi. "Mwanangu, nionyeshe pa kufutia."

Nikaona aibu kumkatalia. Nikamwonyesha. Na pembeni yake, pa kurekodia, nikamwonyesha napo. Akanitoa chumbani kwa mkono, taratibu, akafunga kwa ufunguo.

Teksi ya kwenda kwa daktari imefika. Kaka anagonga mlango kwa ngumi — "Baba! Tunachelewa!" Halafu tarumbeta. Si kwa nguvu. Chini chini, pale mwanzo wa wimbo. Ikakwama. Kikohozi. Ikaanza upya.

Nimekaa kizingitini, naandika juu ya magoti. Kaka ananiuliza mzee anafanya nini humo. Nitajuaje? Imekwama tena. Inaanza tena. Dereva huko nje kaanza kupiga honi.

Nimemwambia Kaka akimbie akamnyamazishe, honi itaingia.