Jumapili Niliyocheka Bila Kukusikia

Yaguarón, Paraguai
Alhamisi, 9 Novemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Blásida,

Hujambo? Unalala vizuri? Unakula? Na huko Buenos Aires baridi imeisha? Mimi mzima, ila magoti, na magoti yangu umeshayazoea. Kuku wapo, mmoja amefia chini ya kitanda changu, sijui alifuata nini huko. Anayeandika ni Wilfrido, yule fundi wa redio na pasi nyuma ya kanisa, maana mimi na kalamu unajua hatujawahi kupatana. Nimemwambia aandike yote, hata yanayonitia aibu.

Yuko hapa mezani kwangu, anatengeneza kompyuta. Ngoja nianzie mbali.

Ile Jumamosi, kesho yake ndiyo Jumapili yetu ya kuonana kwenye kompyuta, mashine ikaandika maneno yake, na kiduara kinazunguka, kinazunguka. Leo ndiyo naambiwa ilikuwa inajisasisha, na yale maneno yalisema usinizime. Ningejuaje? Mara radi, ile ya kupasua, na mvua ya mawe. Mama alitufundisha nini? Nikafunika kioo cha kabati kwa shuka, nikachomoa friji, nikachomoa redio, nikachomoa na kompyuta, nikaitupia shuka nayo, si inang'aa kama kioo? Wewe ungefanya hivyo hivyo, usinicheke.

Wilfrido kanicheka. "Mama Nicasia, umemnyang'anya mtu chakula mdomoni, halafu unashangaa amenuna!" Nikamwambia andika na hilo, mjinga wewe.

Basi Jumapili saa nne nikawasha, sura yako ikaja safi kabisa, pembe lako la kunywea terere ya barafu mkononi. Sauti hakuna. Midomo inakwenda, mimi sipati kitu. Sasa Blásida, si ni wewe mwezi ule uliyenitania kwamba masikio yangu yanakufa kama ya shangazi Eufrosina? Nikajua ndiyo haya, yamefika. Jogoo nje nilimsikia, lakini nilishaogopa, sikuwaza tena. Nikaona aibu kukwambia sikusikii. Nikajifanya nasikia. Ndiyo, ndiyo, nikakwambia, ndiyo maisha hayo. Nikacheka. Nikamnyanyua yule kuku wa kishungi nikakuonyesha.

Ukanywa mara moja tu, nikaona midomo yako inasema asante, kisha ukapotea. Asante! Mtu akirudisha pembe akasema asante ndiyo ametosheka, hamiminiwi tena. Na wewe tangu utoto hujatosheka kabla ya mara ya kumi. Nilikaa pale na jagi langu mpaka barafu yote ikayeyuka.

Tangu siku hiyo nikipiga simu hupokei. Juzi akanipigia binamu yetu Teodulfa, hata salamu hakutoa: "Una roho gani wewe? Mdogo wako anakwambia anakatwa titi tarehe ishirini, unamwonyesha kuku?"

Nilikaa chini, sakafuni. Sikusikia, Blásida. Naapa kwa mama huko aliko, sikusikia hata neno moja.

Ndiyo nikamkimbilia Wilfrido na kandambili zangu, moja yangu, moja ya marehemu mume wangu. Anasema mashine ilikwama katikati, nusu mpya nusu ya zamani, na kile kipande kinachoipa sauti kimepotea humo. Ameirudisha ilivyokuwa kabla ya Jumamosi ile, na sasa anaiacha ijisasishe upya, polepole. Mimi nimekatazwa kugusa waya. Imefika tisini kwa mia, anasema. Na mawingu yamejaa upande wa Paraguarí, nayaona kutoka hapa nilipokaa. Radi imepiga moja. Imepiga nyingine, madirisha yametikisika. Sichomoi. Mama atanisamehe.

Imelia! Kale kawimbo kake ka kuamka! Wilfrido anaandika huku anacheka, mimi nalia. Nimekasikia, Blásida. Masikio ni mazima, ujinga ndio mwingi.

Barua hii anaichukua dereva wa basi kesho, pamoja na chipa nilizooka mwenyewe, nimezitia jibini nyingi, uzifunike na kitambaa zisikauke. Jumapili saa nne nitawasha. Uniambie tena, tangu mwanzo, alivyosema daktari, na wewe ulivyosema ndani ya moyo wako. Ukilia nitakusikia. Usipotaka kusema, tutazamane tu. Na ukinitaka huko tarehe ishirini, tamka neno moja, haya magoti nitayabeba nije nayo.

Msalimie mwanao Arnaldo na mkewe. Msalimie Teodulfa, mwambie amenitukana vizuri, nilistahili. Wilfrido naye anakusalimu, anasema hajasahau ulivyokataa kucheza naye mwaka ule. Bikira wa Caacupé akufunike na joho lake, na mikono ya huyo daktari aishike yeye mwenyewe.

Siku zote mdogo ndiye anayemimina. Jumapili hii namimina mimi, nakuinulia pembe hapo kwenye kioo, wewe unywe la kwako. Unywe, nikumiminie tena, na tena. Ila mdogo wangu, usiniambie asante.

Wako akupendaye, wa tumbo moja,
Nicasia