Tundu la Ghorofani

Mjukuu wangu Sabina,

Shikamoo yako imenifikia hapa Nyegezi, marahaba. Sisi wazima, mama yako yuko nyuma anamwagilia mchicha. Unauliza kwa nini makala zangu za gazetini, zinazoeleza watoto wanavyocheza, hazina mapambo ya maneno.

Soko huria lilipoanza, nilimnunulia mama yako matofali ya plastiki ya kuchezea, ya mtumba. Alikuwa na miaka sita. Akajenga ghorofa, nami nikaandika kwa mbwembwe kwamba watoto wa Mwanza wanajenga nchi mpya. Tundu aliloliacha juu nikaliita uzembe wa kitoto.

Gazeti lilipotoka nikamsomea kwa majivuno. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba, hiyo ni hospitali. Hilo ni dirisha la mama."

Bibi yako alikuwa amelazwa. Watoto hawakuruhusiwa kuingia wodini, kwa hiyo kila Jumapili mama yako alisimama uani, bibi yako akampungia mkono kutoka dirishani. Na mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka.

Tangu hapo nikawa nauliza kwanza, kisha naandika alichosema mtoto, basi.

Bibi yako hakurudi nyumbani. Jengo lile ninalo kabatini, na tundu lake sijaliziba.

Babu yako