Nukta Nane za Alhamisi

Nabeul, 6 Machi 1986

Binti yangu Selwa,

Salamu nyingi, na habari za Japani? Sisi wazima. Nasikia mnakula samaki mbichi huko. Hata paka wetu husubiri akaangiwe.

Chati ya mama yako hii hapa, kama ulivyoagiza ulipoondoka: kila Alhamisi nampandisha kwenye mizani ya magunia ya pilipili, natia nukta. Kazi ileile ninayofanya kiwandani na makopo ya harisa, pilipili yetu ya kusaga, ila kopo halinitukani. Imamu kasikia, akaniuliza kama nitamtia na kifuniko. Alhamisi nane, nukta nane, zote zimekaa kati ya mstari wa juu na wa chini. Ulisema ikishuka hata moja chini ya mstari utaacha mafunzo urudi. Basi tulia, umalize. Anakusalimu, na anasema mimi ni punda.

Baba yako

Nagoya, 25 Machi 1986

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, baridi tu.

Chati nimeipata, nimeiwekea rula. Nukta zote nane zimeng'ang'ania mstari wa katikati kama kunguni kwenye mshono. Mgonjwa wa tumbo, leo kala kuskusi, kesho kashindia chai, atabakije palepale? Hapa kiwandani tukiona chati tulivu hivyo hatufurahi, Baba. Tunamtafuta aliyeshika kalamu.

Nipe namba za kweli. Na Mama aniandikie mwenyewe, hata neno moja.

Binti yako

Nagoya, 16 Aprili 1986

Baba, hujambo? Sijapata jibu. Nimeomba ruhusa kwa msimamizi. Mama yuko wapi?

Selwa

Nabeul, 30 Aprili 1986

Selwa, binti yangu,

Nakusalimu, ila hali yako sithubutu kuiuliza.

Mama yako alifariki Jumatatu, tarehe kumi Februari. Alhamisi iliyotangulia nilimpandisha mizani nimemshika kwapani. Mshale ukasimama kilo hamsini na mbili, chini ya mstari. Nikavaa koti niende posta kukupigia simu. Akanishika mkono.

"Tijani, ukimwita mtoto sitakusamehe. Cheti anapata Mei. Tia nukta yako pale katikati, mzee mwongo wewe, kwani utakuwa uongo wako wa kwanza?"

Miaka thelathini nimesimamisha mashine kopo likipungua gramu mbili. Siku ile sikusimamisha. Nilivua koti. Na zile nukta za Januari, nilikuwa nimeshazipandisha moja moja, nikijidanganya kwamba supu itamrudisha. Alhamisi tatu za mwisho nilikwenda kwenye mizani peke yangu, ikiwa tupu, nikajaza nukta. Tusi la punda ni lake kweli, ila ni la zamani.

Usimlaumu. Kalamu nilishika mimi. Ungeondoka siku ile, ungemkuta.

Nimechora chati nyingine. Hamsini na nane, hamsini na saba, hamsini na sita, hamsini na tano, hamsini na mbili. Baada ya hapo nimeiacha karatasi nyeupe.

Baba yako