Mama, Kizazi Kipya Kinakuja

Mama yangu uliyelala Mutsamudu,

Nakuandikia kwa Kiswahili cha Unguja, kile ulichorudi nacho kisiwani kwetu Nzwani ukiwa msichana, ukakifanya lugha yetu sisi wawili. Mtaani tulisema lugha ya mtaani. Ukitaka kunigombeza mbele ya wageni, au kuniuliza kama nimeshiba kwelikweli, ulihamia Kiswahili. Nami nilipoolewa na Hamadi wa Ikoni, nikahamia Moroni, kisiwa cha Ngazija, na kuanza kuchanganya maneno ya huko, ulisema, "Sasa hata salamu zako zinataka mkalimani." Ulikuwa na ulimi, mama.

Kisha Nzwani ikatangaza kujitenga na visiwa vingine. Safari za meli zikawa za kubahatisha, na laini ya simu leo ipo, kesho haipo. Ulikuwa ukienda dukani kwa Mzee Halidi, karibu na bandari, kungoja nikupigie. Duka lilijaa makuli na watu wa siasa, kila mmoja katega sikio. Ndiyo maana simuni tulishikilia Kiswahili, wao waambulie kicheko chako tu.

Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya simu Moroni. Siku moja akaja fundi mgeni, akatueleza kwa Kifaransa habari za simu zisizo na waya. Alisema kwa wenzetu wa mbali zimefika kizazi cha pili, na kizazi kinachofuata kitabeba picha, mtu amwone anayezungumza naye. Sisi bado tulikuwa tukihangaika na nyaya zilizoliwa na chumvi. Sijui kwa nini nilimwamini. Nilikupigia na furaha yangu, nikatafsiri kama nilivyoweza: "Mama, kizazi kipya kinakuja!"

Ukapiga vigelegele. Laini ikakatika.

Nilishangaa, simu gani hii ya kupigiwa vigelegele? Nikadhani umefurahi kwa kuwa nimefurahi. Laini haikurudi kwa miezi mingi.

Aliyenifumbua macho ni Bi Echati, shoga yako mfanyabiashara, alipobahatika kupata chombo cha kumfikisha Moroni. Alinikabidhi furushi lako: nepi ulizokata kwenye kanga zako, vikofia viwili vya kufuma, wanja, na viungo vya uji wa mzazi. Akanitazama tumbo, akatazama chumba kizima. "Mtoto yuko wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kizazi! Mimi nilisema simu, wewe ukasikia mimba. Na mimi na Hamadi tulikuwa tumekaa miaka bila mtoto, nawe ulikuwa huachi kutuombea. Nilimsihi Bi Echati akuambie ukweli akirudi. Akakataa katakata. "Habari hiyo siibebi mimi. Mama yako anatembea kifua mbele mtaa mzima. Mwambie mwenyewe."

Basi nikawa naingoja laini huku naiogopa. Nilikunjua zile nepi, nikazikunja tena. Nilijiuliza, huko kwako mtoto huyu ni wa kike au wa kiume? Umempa jina? Ameanza kutambaa? Usinicheke, mama, nilitamani sana kumjua.

Laini ilipofunguliwa, hukungoja hata salamu.

"Mtie simuni nimsikie, japo analia."

"Mama, hakuna mtoto. Nilikuwa nakwambia habari za simu."

Ukanyamaza. Nikaita, "Alo? Alo, mama?" nikidhani tumekatika tena. Kisha sauti yako ikarudi, ya mtu anayeuliza bei ya samaki.

"Basi hiyo simu yenyewe inafanya nini? Hebu n'eleze."

Nikakueleza, nawe ukanibana kwa maswali. Kizazi cha kwanza kimekufa? Kimezikwa wapi? Picha itapitaje hewani na mvua inanyesha? "Na mtu akipigiwa hajachana nywele, je?" Nilicheka, mimi niliyekuwa nimejiandaa kulia. Tangu siku hiyo hukuniuliza tena habari za mtoto. Kila nikipiga uliniuliza, "Kizazi kimefika?" Nami nikajibu, "Bado, mama." Hatukusema ni kizazi kipi.

Hakikufika kimoja wala kingine ukiwa hai.

Ndege iliponishusha kiwanjani Ouani, huko kwetu Nzwani, ulikuwa umeshazikwa. Baada ya hitima Mzee Halidi alinivuta pembeni, akaniuliza kama nilijua. Nijue nini? Akasema siku ile laini ilipofunguliwa uliushusha mkonga wa simu, ukauziba kwa shiromani uliyojitanda, ukalia mpaka makuli wakatoka nje wenyewe bila kuambiwa. Kisha ukajifuta uso, ukakohoa, ukaurudisha mkonga sikioni.

Sasa nimestaafu, lakini ofisi ya simu bado hutuita sisi wa zamani kwenye mikutano yao. Wiki iliyopita binti mmoja mhandisi alituzungumzia kizazi cha tano. Anasema daktari wa Moroni ataweza kumtazama mgonjwa wa Mutsamudu kama wamekaa kitanda kimoja, sauti na picha zifike papo hapo, bila kungojana. Nilimsikiliza mdomo wazi. Nakitaka kizazi hicho, mama, nina hamu nacho kama mtoto na sikukuu. Alipouliza nani ana swali, nikanyoosha mkono.

"Na mtu akitaka kuziba simu kwanza, alie, ndipo ajibu?"

Watu wakacheka. Binti hakucheka. "Kuna kitufe cha kuzima sauti, bi mkubwa."

"Na uso?"

"Unazima kamera."

"Lakini mwanawe ataona kuwa kazima."

"Ataona," akasema.

Nimerudi nyumbani na jibu hilo, na bado nalizungusha kichwani. Ningeona, mama. Pengine ningelia nawe, pengine ningekata simu kwa uchungu, sijui, na natamani kujua. Ninachojua ni kwamba siku ile sikuona kitu, nikacheka mpaka mbavu zikaniuma, na aliyenichekesha ni wewe, shiromani yako bado mbichi kwa machozi. Sikukushukuru kwa sababu sikuambiwa. Ahsante, mama.

Mungu akulaze pema.

Ni mimi, binti yako wa Moroni