Kovu la Baba Limeota Kidonda, Nami Nimeapa Kunyamaza

Mpendwa mshauri Dada Raihana, naomba msaada lakini jina langu usilitoe, niite Chui wa Charar, mimi ndiye msuka hodari kuliko vijana wote huku wa kangri, vile vikapu vya chungu cha makaa tunavyojipashia moto ndani ya nguo, shule niliiacha darasa la saba baada ya walimu kuishiwa maneno, sasa shida ni baba yangu, Abba, ambaye ujanani alisinzia na kangri ndani ya joho, makaa yakamwagikia paja, akabaki na kovu, na kila baridi ikija analipasha moto palepale miaka thelathini sasa, basi tangu tuvune tufaha kovu limefumuka kidonda, kingo ngumu zimetutumka, kinatoka damu na kunuka, yeye anapaka mafuta ya jozi, nikamwambia, "Abba, hata kondoo wa jirani akinuka hivi anapelekwa kwa daktari," akanijibu, "Wee daktari wa darasa la saba, lete chai ya chumvi uniondolee kelele!" kumbe anaogopa watu, akaniapisha nisimwambie hata mama, eti, "Wakijua msuka kangri ameunguzwa na kangri yake, nani atanunua?" nami ni mwanamume wa kiapo, ila juzi nikimfunga kitambaa nimegusa kinenani uvimbe mgumu kama kokwa, nikanyamaza, mimi ambaye sijawahi kunyamaza. Nivunje kiapo?

Chui, pole, halafu nikugombeze. Tangu mavuno ya tufaha! Huo mdomo ulikuwa umemwazima nani? Kovu la moto linalounguzwa na kuchubuka mwaka hata mwaka linaweza kugeuka saratani ya ngozi, na kidonda juu yake kisichopona hakitaki mafuta ya jozi, kinataka daktari akate kipande akipime. Sisemi baba yako anayo. Uvimbe huo huenda ni usaha tu, au saratani imeanza kutembea. Hujui wewe, sijui mimi, na kila juma mnalokaa linaweza kumgharimu mguu, au zaidi.

Kiapo ulishakivunja ulipobandika stempu. Wilaya nzima isome, mama yako abaki hajui? Mwambie leo. Na wewe Abba, baridi yetu haina adabu, kangri tutanunua tu. Tutakachoacha ni kulala nazo.

Kesho pandeni basi la kwanza la kwenda hospitali Srinagar, mama kulia, wewe kushoto, na daktari aambiwe "kovu la zamani la moto" kabla hajauliza jina. Abba akigoma kupanda, kaeni naye stendi mpaka apande.